Kazi Imeshindwa, Nakala Ipo: Maneno Niliyowaambia Mafundi wa Lubumbashi

Wababa na wamama, yaya zangu na wadogo zangu wa kazi hii, jambo yenu.

Nimeombwa nizungumze juu ya nakala rudufu za mashine pepe, zile kompyuta za programu zinazoishi ndani ya seva. Nakala hizo wengine wetu tunaziita bakapu, wengine sovegade, kutegemea mtu alijifunzia kazi wapi. Nilikubali kwa sharti moja, kwamba nishike tatizo moja tu, lile ambalo wengi wenu mmeniletea mwaka huu. Usiku mashine zinanakiliwa kwenda kwenye NAS, ile hifadhi ya diski iliyounganishwa kwenye mtandao. Asubuhi unafungua barua pepe unakuta neno jekundu: imeshindwa. Unaingia kwenye NAS, na faili liko pale, zima, la usiku uleule. Kesho vilevile. Kesho kutwa vilevile. Unaanza kujiuliza umwamini nani.

Kabla ya ufundi nitawasimulia jambo lililonipata, kwa sababu bila hilo nisingekuwa nimesimama hapa.

Miaka kadhaa iliyopita nilikuwa natunza seva za hospitali moja. Jina lake naliacha. Palikuwa na seva mbili, juu yake mashine pepe sita: ya laboratwari, ya famasi, ya malipo, na nyingine tatu ndogo. NAS ya diski nne ilikaa kwenye chumba chembamba nyuma ya mapokezi, juu ya ondulere moja, ile UPS ya betri. Ripoti ya mashine ya laboratwari ikaanza kusema imeshindwa. Nikaenda kukagua, faili lipo. Siku ya pili nikakagua tena, lipo. Baada ya wiki mbili nilikuwa naangalia ukubwa wa faili tu na kufunga dirisha. Kijana niliyefanya naye kazi akaniuliza, "Yaya, hizi barua tuziweke pembeni? Zinajaza sanduku." Nikamwambia aziweke pembeni. Neno hilo nililitamka mimi.

Baadaye NAS ikajaa. Ripoti ikasema imeshindwa, na safari hii ilikuwa inasema kweli. Barua ikaenda pembeni pamoja na zile za uongo. Siku kumi na moja zilipita hivyo. Kisha usiku mmoja delestaji, yaani mgao wa umeme, ikatukuta, grupu, jenereta yetu, ikakataa kuwaka, ondulere ikamaliza betri, na seva ikazimika ghafla. Umeme uliporudi, mashine ya laboratwari haikuweza kufungua hifadhidata yake. Nakala nzima ya mwisho tuliyokuwa nayo ilikuwa ya siku kumi na moja nyuma.

Mama mkuu wa laboratwari hakunigombeza. Alitoa kabatini madaftari makubwa ya karatasi, yale yenye mistari iliyochorwa kwa rula na kalamu ya bluu: namba ya mgonjwa, jina, umri, GE (kipimo cha malaria), hemoglobini, sahihi. Akaketi mbele ya kibodi, akanisogezea daftari la kwanza. "Papa, wewe soma, mimi naandika." Nikasoma. GE chanya, misalaba miwili. GE hasi. GE hasi. Jina la mtoto wa miezi minane. Kila mstari nilioutamka ulikuwa mtu aliyekuja kutolewa damu kidoleni, na mimi ndiye niliyeacha jibu lake lipotee. Tulimaliza siku ya nne, saa tano usiku.

Ndiyo maana nikisikia fundi akisema "hiyo ripoti ni ya uongo, usiijali", mwili unanisisimka. Ripoti ya uongo inakufundisha kutosoma. Ukishafundishika, ile ya kweli itakuja imevaa nguo zilezile na hutaitambua.

Sasa tuingie kazini.

Jambo la kwanza: kunakili mashine pepe ni mlolongo wa kazi nyingi. Programu inachukua snapshoti, yaani picha ya diski ilivyo dakika ile, ili diski itulie. Inasoma diski. Inaandika kwenye NAS kupitia mtandao. Inafunga faili. Inakagua kilichoandikwa. Inafuta nakala za zamani ili kubaki na idadi uliyopanga. Inaondoa snapshoti. Inakutumia barua. Halafu mwishoni inakupa neno moja kwa yote hayo. Ikianguka kwenye hatua ya kufuta nakala ya wiki iliyopita, neno litakuwa lilelile jekundu, ingawa nakala ya leo imelala salama. Barua pepe yenyewe ikikwama kwa sababu intaneti imekatika, kuna programu zinazohesabu hilo nalo kuwa kazi imeshindwa.

Kwa hiyo usiulize "nakala ipo au haipo?" na kuishia hapo. Uliza ni hatua gani iliyosema hapana. Jibu liko kwenye logi, kumbukumbu ya kila hatua programu iliyopitia, na logi inasomwa kutoka juu kushuka. Wengi tunaruka hadi mstari wa mwisho, ambao karibu kila mara ni muhtasari usiofundisha kitu. Tafuta mstari wa kwanza wa kosa, andika saa yake, kisha tazama mstari uliotangulia. Pale ndipo kazi ilipokuwa wakati inajikwaa.

Nitawapa kisa kimoja kwa kirefu, maana kinatuhusu sisi wa upande huu wa Kongo kuliko watu wengi duniani.

Taasisi moja ya elimu hapa Lubumbashi ilipata NAS mpya. Ilitayarishwa Kinshasa, ikaletwa kwa ndege, ikafungwa, kazi zikapangwa kuanza saa nne usiku. Mashine pepe nne, kila moja na kazi yake, zote zikianza wakati mmoja. Kuanzia usiku wa kwanza, mashine mbili ndogo zilishindwa na mbili kubwa zikafaulu. Usiku wa pili vivyo hivyo. Wiki nzima vivyo hivyo.

Hebu fikirini. Kwa kawaida kubwa ndiyo inayoshindwa: inachukua muda mrefu, inajaza diski, inakutana na umeme unaokatika. Ndogo inamaliza mapema na kupumzika. Hapa mambo yalikuwa kinyume. Mafundi walikuwa wamebadilisha kebo, wamebadilisha swichi, wamehamisha mashine ndogo kutoka seva moja kwenda nyingine. Hakuna kilichobadilika.

Niliketi na logi. Kazi ya mashine ndogo ya kwanza: imeanza 22:00:03. Kunakili kumeisha 22:38. Ukaguzi: hakuna faili jipya lililopatikana. Imeshindwa. Kijana aliyeketi nami akafungua folda ya NAS kwa kompyuta yake akasema, "Yaya, faili iko. Naiona." Kweli lilikuwepo. Nikamwambia asome saa iliyoandikwa pembeni yake. Akasoma: 21:38.

Faili lilionekana limeandikwa dakika ishirini na mbili kabla ya kazi kuanza.

Hapo kila kitu kilifunguka. Skripti ya ukaguzi, ile orodha ya amri zinazojiendesha, ilitafuta faili lenye saa iliyo baada ya kuanza kwa kazi. Saa ya faili ilitolewa na NAS yenyewe, kwa sababu unapoandika kupitia NFS, njia ya kutumia mafaili ya chombo kingine kwa mtandao, anayegonga muhuri wa saa ni yule anayepokea. Na NAS ilikuwa nyuma kwa saa moja kamili. Mashine ndogo ikimaliza kwa dakika thelathini na nane, faili lake linapigwa muhuri wa kabla ya saa nne, skripti inalikataa. Mashine kubwa ikichukua saa moja na dakika ishirini, muhuri unakuwa 22:20, skripti inalikubali. Mpaka kati ya kufaulu na kushindwa ulikuwa dakika sitini, na dakika sitini hizo sisi sote tunazijua: ni zile zilizo kati ya Kinshasa na Lubumbashi.

Nchi yetu ina saa mbili. Kinshasa iko saa moja mbele ya saa ya dunia (UTC), sisi huku pamoja na ndugu zetu wa Kivu tuko saa mbili mbele. Aliyeitayarisha NAS alichagua ukanda wa saa wa Lubumbashi kwa sababu alijua inakokwenda. Kisha akaandika saa kwa mkono, akitazama saa yake ya Kinshasa. Kila kimoja kati ya vitendo hivyo viwili kilikuwa na sababu yake. Vilipokutana, chombo kikaamini kwamba dunia nzima iko saa moja nyuma. Na kwa kuwa mtandao wa hifadhi ulifungwa usitoke nje, jambo ambalo ni jema kwa usalama, NAS haikuwa na mahali pa kuuliza saa ya kweli.

Kikulacho ki nguoni mwako. Walitafuta kwenye kebo na swichi, na kumbe kosa liko kwenye saa ambayo mtu anaipita bila kuitazama.

Kipimo chake ni cha dakika moja. Ingia kwenye seva, andika `date -u`. Ingia kwenye NAS, andika vilevile. Ile herufi `u` ina maana: inakuonyesha saa ya dunia bila ukanda, maana ukitazama saa za ukutani peke yake ukanda unaweza kukuficha kosa. Kama NAS haikupi mahali pa kuandika amri, tengeneza faili tupu juu yake kutoka kwenye seva kwa `touch`, kisha litazame kwa `stat` na ulinganishe na saa ya seva. Tofauti ya sekunde moja mbili si kitu. Tofauti ya saa nzima ni ukanda. Tofauti ya dakika zisizo na mpangilio ni betri ndogo ya ubao mama iliyokufa, au saa iliyoachwa kujiendea miaka.

Dawa yake, chagua chombo kimoja ndani ya nyumba, ruta au seva moja, kiwe mwenye saa, na vingine vyote vimuulize yeye kwa NTP, njia ya vyombo kuulizana saa kwenye mtandao. Hata intaneti ikipotea siku tatu, vitaendelea kukubaliana vyenyewe kwa vyenyewe, na kwa nakala rudufu kukubaliana ndiko kunakohitajika kwanza. Ukanda uandikwe Africa/Lubumbashi kila mahali. Mlio Goma na Bukavu mnaandika huohuo. Africa/Kinshasa ni mwingine.

Skripti nayo irekebishwe. Isilinganishe saa za vyombo viwili. Kazi inapoanza, iandike faili dogo la alama kwenye NAS yenyewe. Inapomaliza, itafute faili lililo jipya kuliko alama ile, kwa `find` na `-newer`. Hapo mihuri yote miwili imetoka kwa mkono mmoja. Saa ya NAS hata ikikosea mwaka mzima, swali lako linabaki na jibu sahihi. Tena inakulinda upande wa pili, maana NAS ikiwa mbele ya seva, faili lililoandikwa kabla ya kazi kuanza linaweza kupita kama jipya, na huo ni uongo mbaya zaidi.

Tuendelee. Sababu ya pili ninayokutana nayo sana ni namba ya kutokea. Kila programu inapomaliza huacha namba mlangoni. Tumefundishwa kwamba sifuri ni heri na nyingine yoyote ni shari. Kwa programu nyingi ni sawa. Kwa baadhi, tena zile tunazozitumia kila siku kunakili, si sawa hata kidogo.

Chukueni Robocopy ya Windows. Sifuri kwake maana yake hakuna kilichonakiliwa, kila kitu kilikuwa tayari kule. Moja maana yake mafaili yamenakiliwa vizuri. Mbili, upande wa kupokelea kuna mafaili ya ziada. Nne, kuna yasiyolingana. Namba hizo zinajumlishwa, kwa hiyo tatu ni moja na mbili. Kushindwa kunaanzia nane kwenda juu. Sasa mtu anapanga kazi ya usiku, inanakili gigabaiti mia bila dosari, inaacha moja, na skripti iliyoandikwa "ikiwa si sifuri, lia" inalia. Na usiku ambao hakuna kilichonakiliwa kabisa, kwa sababu labda folda ya chanzo haikupokea kitu kipya, inaacha sifuri na wewe unalala kwa furaha. Nimeona ofisi ambako ripoti zilikuwa zimegeuzwa hivyo kwa mwezi mzima, na hakuna aliyeshuku.

Upande wa Linux, rsync ina 24, inayosema baadhi ya mafaili yalitoweka wakati wa kunakili. Kwenye folda ya mafaili ya muda hilo ni jambo la kawaida. Ina 23, inayosema sehemu ya kazi haikukamilika, na hapa nawasihi muwe waangalifu. Mara nyingi kwenye NAS 23 inatokana na umiliki: data yote imefika, lakini rsync ilitaka kuandika kwamba faili ni la mtumiaji fulani na NAS ikakataa, kwa kuwa NFS kwa kawaida humvua root, msimamizi mkuu wa mashine, mamlaka yake anapoingia kutoka mashine nyingine. Kwa maana hiyo nakala ni nzima. Lakini 23 hiyohiyo hutokea pia faili lisiposomeka. Usiandike kwenye skripti "23 ni sawa". Soma mistari. Kama ni umiliki tu, mwambie rsync asijaribu kubeba umiliki, na 23 itaondoka. Ikirudi siku nyingine, utajua inasema jambo jingine.

Wengi wenu mmeniuliza juu ya hatua ya kufuta nakala za zamani. Kwenye NFS kuna tabia moja inayowachanganya watu. Faili likifutwa wakati programu nyingine kwenye seva ileile bado imelishika, haliondoki. Linabadilishwa jina na kuwa kitu kinachoanza na `.nfs` na mfuatano mrefu wa namba. Skripti inafuta kila kitu ndani ya folda, kisha inajaribu kufuta folda yenyewe, inaambiwa folda si tupu. Imeshindwa. Unapokuja asubuhi ile programu imeshaachia, faili limeondoka, huoni chochote. Tazameni usiku, kazi inapoendelea, kwa `ls -la`, mtalikuta. Kisha mtafute aliyelishika kwa `lsof`. Mara mbili nimekuta ni programu ya kukagua virusi, imeingia kwenye folda ya nakala dakika ileile kazi inapoanza kusafisha. Kuzisogeza kazi mbili zisikutane kulitosha.

Faili la gigabaiti mia tatu nalo halifutiki kwa kupepesa jicho kwenye NAS ndogo. Seva inangoja, muda wa kungoja unaisha, inatangaza kosa, huku NAS inaendelea kufuta kwa utulivu. Hapo linaingia suala la kuunganisha kwa `soft` au `hard`. Ukiunganisha NFS kwa `hard`, seva itangoja na kujaribu tena mpaka NAS ijibu. Ukiunganisha kwa `soft`, itakata tamaa na kuipa programu kosa. `timeo`, muda wa kungoja jibu, inahesabiwa kwa sehemu ya kumi ya sekunde, kwa hiyo 600 ni sekunde sitini. Nimeona mtu ameandika 30 akidhani ni nusu dakika, kumbe ametoa sekunde tatu. Kwa nakala rudufu mimi natumia `hard`. Maelezo ya NFS yenyewe yanaonya kwamba `soft` inaweza kuharibu data kimya kimya, na ukimya ndio adui yetu.

Kebo. Kuna wakati uongo wa ripoti unatokana na jozi moja ya nyaya. Gigabiti inahitaji jozi zote nne. Jozi moja ikikatika, kwa panya au kwa kichwa kilichobanwa vibaya, swichi inaweza kushuka hadi megabiti 100, na kila kitu kinaendelea kufanya kazi, taratibu tu. Diski ya gigabaiti 200 iliyokuwa ikipita kwa nusu saa sasa inataka karibu saa tano. Ukiwa umeweka kikomo cha saa mbili, msimamizi wa kazi anatangaza kushindwa, na kuna programu ambazo zinaendelea kunakili chini kwa chini hadi mwisho. Asubuhi faili lipo, ripoti ni nyekundu. Usiongeze kikomo kwanza. Tazama kasi ya mlango kwa `ethtool`, kisha chukua kibanio.

Nyingine nazipitia haraka. Ukikagua nakala kutoka mashine tofauti na ile iliyoandika, kumbuka kwamba NFS huhifadhi orodha ya folda kichwani kwa muda, kwa kawaida hadi sekunde sitini. Ngoja dakika mbili kabla ya kuuliza. Ukilinganisha ukubwa, jua kwamba diski pepe ya gigabaiti 200 inaweza kuwa na data ya 60 tu, na `ls` na `du` zitakupa namba mbili tofauti kwa faili lilelile bila hata moja kudanganya.

Kuna aina moja ambayo nataka tuisimamie kidogo, kwa sababu hapa ndipo fundi mwenye haraka anaumia. Kazi imenakili vizuri, imekagua vizuri, kisha imeshindwa kuondoa snapshoti. Ripoti inasema imeshindwa. Unakwenda kwenye NAS, nakala ni nzima. Unasema "ni uongo uleule", unafunga. Lakini snapshoti iliyobaki kwenye seva haikai tu. Kila kitu mashine inachoandika tangu saa ile kinaingia kwenye faili la pembeni, na faili hilo linakua. Usiku unaofuata inabaki ya pili juu ya ya kwanza. Siku moja diski ya seva inajaa, na mashine pepe zote zilizo juu yake zinasimama mchana, watu wakiwa kwenye foleni ya malipo. Ripoti ilikuwa ya uongo kuhusu nakala na ya kweli kuhusu seva. Ndiyo sababu nimesema swali ni hatua gani iliyosema hapana. Ukiona snapshoti zimebaki, ziunganishe leo, kabla ya kazi ya usiku, na hakikisha kwanza kuna nafasi ya kutosha ya kuunganishia.

Na ripoti ya uongo ina pacha wake, ile inayosema imefaulu wakati haikufaulu. Ukipitisha nakala kwenye bomba, programu moja inasoma na nyingine inabana, ganda la bash linakupa namba ya ile ya mwisho tu. Ya kwanza ikianguka katikati, ya kubana inabana kwa uaminifu kile kidogo ilichopokea na kuacha sifuri. Andikeni `set -o pipefail` juu ya kila skripti. Nawaomba.

Mwanamke mmoja aliyekuja kutoka Kasumbalesa ameniuliza kabla hatujaanza: "Sasa yaya, nikiwa nimesoma logi yote, nimepima saa, nimeona namba, bado nitajuaje kwamba faili lile ni nakala kweli?" Nimemwambia nitamjibu mbele ya watu wote.

Mama, utajua kwa kulirejesha. Kuna vipimo vya katikati na vina faida: `zstd -t` au `gzip -t` kuona kama faili lililobanwa halijakatika, `qemu-img check` kwa diski za qcow2, na `sha256sum` pande zote mbili kama umenakili faili kama lilivyo. Vinakuambia faili halijavunjika. Havikuambii kwamba mashine itaamka. Kwa hiyo mimi kila mwezi nachagua mashine moja, nairejesha kutoka NAS kwa jina jingine, nachomoa kadi yake ya mtandao ili isigombane na ile iliyo hai kwa anwani moja, kisha naiwasha. Siishii kwenye skrini ya kuingilia. Nafungua programu yenyewe na kutafuta kitu cha jana. Kwa laboratwari natafuta mgonjwa wa mwisho wa jana na kulinganisha na daftari la karatasi. Mama mkuu ndiye ananisomea siku hizi. Ananisomea namba, mimi naitafuta kwenye skrini, nikiipata namwambia ndiyo.

Ripoti zote za hospitali ile sasa ni za kijani au ni za kweli. Ilituchukua wiki tatu kufika pale, tukishughulikia ripoti moja moja, na hakuna hata moja tuliyoinyamazisha. Sanduku la pembeni lilifutwa. Likija neno jekundu kabla ya kazi ya asubuhi, kijana yule anainuka bila kuitwa.

Sasa, pale mezani kuna NAS moja, seva moja na mashine pepe tatu. Nimezipanga jana usiku na moja inasema imeshindwa. Faili lake lipo, nimelitazama. Sitawaambia ni kwa nini. Tuna umeme mpaka saa mbili, kwa hiyo tusipoteze muda. Mama wa Kasumbalesa, njoo ukae hapa mbele kwenye kibodi. Wengine zungukeni mezani muone skrini. Anza na `date -u`, kisha utufungulie logi kutoka juu, utusomee kwa sauti.